Mwaka wa Punda wa Paskali

Tulipomaliza matanga ya kaka yangu Paskali, wifi yangu Yasinta alinishika mkono akanipeleka nyuma ya banda la ng'ombe, pale ambapo lile gari limekaa miaka yote hii. Gari nasema kwa heshima tu. Ni mifupa ya mabomba, magurudumu manne yaliyokwisha upepo, usukani uliopasuka, na katikati, pale palipostahili kiti kikubwa kuliko vyote, pako wazi. Kuku wanataga humo. Yasinta alisema mnunuzi wa vyuma chakavu kutoka Karatu amekwisha kuja kuuliza, tena alianza wakati wa msiba wenyewe, hana hata haya, na sasa anataka jibu. Kisha akafungua pindo la khanga akanitolea bolti nne na nati zake, zimepakwa grisi, safi kama zimetoka dukani jana. Alizikuta kwenye mfuko wa koti la kazi la marehemu. "Wifi, alikuwa anazipaka grisi kila mwaka," akasema. "Nilidhani ni za trekta la mtu." Mimi nilijua ni za nini. Niliketi kwenye jiwe la kunolea mapanga nikalia, na mimi si mtu wa kulia mbele za watu. Nilipofiwa na mume wangu, kina mama wa jumuiya walinisema kwamba nina roho ngumu.

Mwaka ninaoukumbuka nilikuwa nyumbani hapo hapo Endamarariek. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na matokeo yangu yalikuwa ya aina ambayo hata mjomba hakuuliza. Kazi yangu ikawa Mama. Miguu yake ilikuwa imemwacha pole pole. Kwanza alikuwa anajikwaa shambani na kucheka, baadaye akawa anajikwaa bila kucheka, na siku moja akakaa chini kwenye mstari wa mbaazi akaniambia, "Kamwite baba yako." Hospitali walisema ugonjwa umekwisha kuingia kwenye uti wa mgongo, wakampa dawa za maumivu, tukarudi naye. Chumba cha kulala alikikataa. Alisema kule kuna baridi na hakuna habari. Tukamtandikia jikoni, kwenye jiko letu la nje lenye bati jeusi kwa moshi, kitanda karibu na mlango, na kutoka hapo akatawala. Alijua nani anapita njiani kwa mwendo wa hatua zake. Alijua maharage yangu yamebakiza maji kiasi gani kwa kuyasikiliza tu. "Fausta, yanaanza kushika," alikuwa akisema amefumba macho, na ukifunua chungu, kweli, yanaanza kushika. Mpaka leo, nikipika makande peke yangu katika nyumba yangu hii ya Karatu, kwenye jiko la gesi, kuna wakati nafunua sufuria bila sababu yoyote, kwa kuwa nimehisi kuna mtu anataka kuniambia kitu.

Jambo moja tu Mama alilitaka mwaka ule, na alilitaka bila kubembeleza mtu: kupanda Nainokanoka kumwona mdogo wake. Mama mdogo Anjela alikuwa ameolewa huko juu na Mmaasai, na kila mwaka baada ya mavuno Mama alikuwa akimpelekea gunia la ngwara, kunde zile nyeusi za kwetu, na maharage. Alidandia malori mpaka kule, akakaa na mdogo wake mpaka Baba aanze kununa, kisha akarudi na samli, na nguo zake zote zinanukia moshi na maziwa. Mwaka ule mavuno yaliisha na gunia likabaki limesimama nyuma ya mlango wa jiko. "Anjela atasema nimemsusa," alikuwa akisema. Jirani mmoja mwenye pikapu akajitolea. Tukamlaza Mama nyuma juu ya godoro, Paskali amempakata kichwa, na hatukuvuka hata korongo la kwanza. Mgongo wake haukuweza kunyooka wala kukunjwa. Ilibidi awe nusu amelala nusu amekaa, na kila shimo lilimchoma upya. Mama yangu, ambaye wanasema alinizaa mimi kimya kimya mkunga akiwa anakoka moto, siku ile alipiga kelele mpaka watoto waliokuwa wakichota maji wakaacha ndoo. Tukarudi. Paskali akakaa kwenye kizingiti cha jiko, mikono juu ya magoti, akakaa hivyo mpaka ugali ukapoa. Kisha akasema, "Ayo, nitakutengenezea gari." Yeye alimwita Mama kwa Kiiraqw siku zote. Mama akamtazama. "Litengeneze," akamjibu. "Ila mimi sipandi kitu kisicho na kiti."

Paskali alikuwa mchomeleaji kwenye gereji ya magari ya watalii pale Karatu, kwa Mchaga mmoja ambaye kila mtu alimwita Mangi. Nyundo na jenereta vilikuwa vimemla masikio angali kijana. Kila kitu ulimwambia mara mbili, na mara ya kwanza alikuwa anatabasamu tu ili usijue kwamba hajasikia. Wasichana wengi walidanganyika na tabasamu lile. Fedha hatukuwa nayo, kwa hiyo sitaizungumzia. Fremu tuliitoa kwenye mabomba ya mradi wa maji uliokufa kijijini, mabomba ambayo yalikuwa yamelala bondeni tangu niko darasa la tatu, na mwenyekiti wa kijiji akasema chukueni, yanaumiza ng'ombe miguu. Injini ilitoka kwenye pikapu iliyopinduka barabara ya Rhotia. Mangi alimpa Paskali kwa makubaliano kwamba atamfanyia kazi Jumamosi zote bila malipo, na baadaye akamwongezea springi kwa huruma, ingawa mwenyewe alisema ni kwa sababu zinamjazia uwanja. Matairi yalikuwa ya magari ya watalii, yale yaliyochoka ambayo watu hukata viatu. Kila jioni Paskali alirudi na kitu juu ya bega, na Mama kutoka kitandani akauliza, "Leo umeniletea nini?" kama vile anaulizia nyama. Naye alimletea kweli mpaka kitandani, akamwekea mapajani radieta au kipande cha ekseli, na Mama akakipapasa, akasema ni kizuri.

Baba, ambaye hakuwahi kuendesha kitu kisichokuwa na pembe, ndiye aliyetoa upana. Paskali alitaka magurudumu yakae mbali mbali kama ya magari ya gereji. Baba akaenda kukata ufito, akapima mkokoteni wetu wa ng'ombe kutoka gurudumu hadi gurudumu, akaja kuutupa ule ufito mbele ya Paskali. "Hiyo ndiyo njia," akasema. Na ndivyo ilivyokuwa kwetu. Mikokoteni yote ya Endamarariek ilikuwa na upana mmoja kwa sababu kila mtu alifuata mifereji aliyoichimba mwenzake, na wakati wa masika gari lolote la mjini lililojaribu kupita lilikaa gurudumu moja kwenye mfereji na jingine kwenye tuta, likalala ubavu. Kwa hiyo gari la Mama likapimwa kwa mkokoteni. Majirani walipoona umbo lake jembamba na mgongo ulioinuka wakaliita Punda wa Paskali. Paskali hakukasirika. Alichukua chaki akaandika jina hilo mbele.

Lakini kabla ya Punda kuwa na chochote, alikuwa na kiti. Hilo lilikuwa agizo la Mama. Baba alimpima akiwa kitandani kwa kamba ya katani, mgongo, nyonga, mapaja, hadi kisigino, akifunga fundo kila mahali, naye Mama akimsema, "Wewe mzee, hujanishika hivi tangu harusi." Mimi nilitoka nje nikacheka huko, kwa adabu. Paskali alipinda mabomba kufuata mafundo yale. Kisha Baba akachinja dume letu moja lenye ngozi nene, akakata kamba mbichi ndefu, akazisuka kwenye ile fremu kama vile wazee wetu walivyosuka vitanda, zikakauka juani zikawa ngumu lakini zenye kunesa. Aliacha mabomba mawili yatokeze mbele na nyuma tuweze kumbeba Mama kutoka jikoni kwenda juani. Paskali alisema siku ya mwisho atakichomelea kwenye gari kisitingishike. Mama akasema hapana. "Usikichomelee. Kifunge kwa nati." Paskali akatabasamu. Nikamrudia: "Anasema nati, Kaka, sio kuchomelea." "Kwa nini, Ayo? Kuchomelea ni imara." "Nitataka kutolewa," Mama akasema. Tulielewa kwamba anakitaka pia cha kukalia jikoni, na hilo lilikuwa kweli pia. Siku ya kwanza tulipomkalisha humo alifumba macho, akashusha pumzi ndefu, akasema, "Hapa hapaumi." Baba akatoka akaenda kuangalia ng'ombe ambao walikuwa wamekwisha kuangaliwa.

Nikiulizwa leo mwaka ule ulikuwaje, nitasema ulikuwa mwaka wa furaha, na mtu atadhani nimechanganyikiwa. Jiko lile lilijaa watu. Waliokuja kumwona mgonjwa walimaliza salamu upesi upesi wakaenda nyuma kuangalia Punda amefikia wapi, kisha wakarudi kubishana mbele ya Mama. Wengine waliapa hatawaka. Mama aliwasikiliza kutoka kwenye kiti chake, kikombe cha uji mkononi, akachochea. "Eti huyu fundi wa redio anasema breki zitakuwa za miguu, mwanangu. Miguu ya nani, yangu?" Tulikula ugali na mboga ya maboga, tulikula makande ya ngwara, mikono ya Paskali ikinuka dizeli hata aoshe na nini, na mlio wa nyundo yake ulikuwa ndio saa yetu. Nyundo ikinyamaza, Mama alikuwa akiuliza, "Mbona kimya?" Punda aliwaka kwa mara ya kwanza wakati wa masika, hana bodi, hana boneti, na Paskali akampeleka kwenye ile barabara ya matope ambayo hata pikipiki zilikuwa zimeikimbia. Magurudumu yakaingia kwenye mifereji ya mikokoteni kama mguu kwenye kiatu chake. Watu walitoka kwenye nyumba zao wakasimama mvuani kumtazama. Tulikuwa tumembeba Mama mpaka mlangoni aone, na nilikuwa nimeshika bomba la nyuma la kiti, nikamhisi anatetemeka mwili mzima. Nilidhani ni baridi. Alikuwa anacheka.

Ila kulikuwa na kile kiti. Ilikuwa mara baada ya mavuno yaliyofuata, nasonga ugali, na Mama amelala kwa dawa, nikawasikia Baba na Paskali nyuma ya ukuta. Baba alikuwa amekitoa kiti nje kukikaza. "Kiti kimekuwa kikubwa," Baba alisema. Paskali hakusikia, Baba akarudia kwa sauti ambayo hakupenda kuitumia: "Nasema kiti kimekuwa kikubwa." "Ni kamba, Baba. Ngozi hulegea." "Kamba hazijalegea." Kisha nikasikia msumeno wa chuma. Walikata mabomba, wakapunguza upana, Baba akasuka upya, na Mama alipoamka wakamkalisha, naye akapapasa mbavu za kiti huku na huku akasema, "Mmenibana vizuri." Waliendelea kukipunguza hivyo, na kila kilipopungua Paskali aliongeza kasi, akawa anagonga asubuhi kabla ya kwenda gereji na jioni mpaka giza limnyime macho. Ugali ule niliousonga siku ile uliungua chini. Mama hakuniambia kwamba unaungua.

Tuliondoka vuli inakaribia, mawingu yamekaa juu ya kreta kule hifadhini lakini njia bado kavu. Mama alivaa kitenge chake cha Pasaka. Paskali alifunga kiti kwa zile bolti nne, akavuta, akatingisha, akavuta tena. Baba akakaa kushoto, mimi nyuma na gunia la ngwara, tukashuka na kupanda makorongo yote hadi Karatu, na Mama hakulia hata mara moja. Kwenye lile korongo la pikapu alisema tu, "Ni hapa," na tukavuka. Karatu mjini Mangi alisimamisha kazi gereji nzima, mafundi wakapiga spana kwenye madebe. Kisha lami, ambayo wakati huo bado ilikuwa ngeni kwetu, na Mama akasema inateleza kama samli. Magari ya watalii yalitupita, yakapunguza mwendo, wazungu wakatoa kamera. "Wanapiga picha nini?" Mama aliuliza. "Wewe," nikamwambia. Akaweka kilemba sawa. Kaka yangu aliendesha kifua mbele, na sijawahi kumwona mtu mwenye furaha kama ile, si harusini, si kanisani.

Kwenye geti la hifadhi, ambalo lazima ulipite kwenda Nainokanoka, kijana mmoja askari alikuja akazunguka Punda kwa heshima. Alimwamkia Mama shikamoo, akampa Baba mkono. Kisha akamuuliza Paskali, "Namba ya gari iko wapi, kaka?" Paskali akatabasamu. Yule askari akadhani anafanyiwa mzaha, uso ukabadilika. Nikainama nikamwambia sikioni: "Anauliza namba ya gari." Nikamwona anaelewa. Gari halina namba, halina kadi, halina bima, na bila hivyo haliingii hifadhini, hilo askari alilieleza taratibu na hakuwa mtu mbaya. Mtu wa mjini atashangaa ilikuwaje mwaka mzima hatukufikiria. Sisi tulikuwa watu wa kupanda magari ya wenzetu. Mwenye gari ndiye aliyejua mambo ya getini. Abiria alishuka, akatembea, akapanda tena upande wa pili. Paskali alikuwa amechomelea matumbo ya magari yanayopita pale kila siku, amelala chali chini yake miaka na miaka, na hakuna hata moja ambalo aliwahi kupita nalo. Alishuka akasimama mbele ya Punda, pale alipoandika jina kwa chaki, akawa anaifuta chaki ile kwa kiganja. Baba alimsihi askari. Askari aliangalia chini. Mimi nilitaka kupigana na mtu na sikumwona wa kupigana naye.

Mama ndiye aliyesema. "Lile lori la mahindi linakwenda wapi?" Kulikuwa na lori limesimama upande, dereva anakunywa chai. Askari akaenda mbio, kwa shukrani ya mtu aliyepata la kufanya. Lilikuwa linakwenda Nainokanoka. Dereva alimjua Mama mdogo, akamtaja kwa heshima ya Kimaasai kama mama: "Yeyo Anjela wa karibu na kanisa? Mbona napita mlangoni kwake." Nafasi ilikuwepo ya mgonjwa na mtu mmoja wa kumshika. "Paskali," Mama akaita, na kwa bahati alisikia, "una spana?" Alifungua bolti moja moja, amepiga magoti, kichwa chake karibu na goti la Mama, na Mama akaweka mkono juu ya nywele zake zilizojaa vumbi akauacha hapo mpaka ya nne ilipotoka. Tukashika mabomba ya kiti, Baba, Paskali, mimi na yule askari, tukamwinua Mama juu ya lori kama tulivyokuwa tukimtoa jikoni kwenda juani. Dereva akampangia magunia pande zote. Baba akapanda. Gunia la ngwara nusura tulisahau. Lori lilipoanza kunguruma Mama alitugeukia akasema kitu, midomo ikacheza, na mimi sikusikia kwa sababu ya injini. Paskali akatabasamu lile tabasamu lake.

Tulirudi na Punda mwenye shimo katikati. Usiku huo huo vuli ilianza, na haikuwa vuli ya kawaida. Barabara ya huko juu ilifunga. Habari ililetwa na dereva yule yule, alipopata upenyo wa kushuka. Mama alifika salama. Alikaa kwa mdogo wake, akala loshoro la mahindi na maziwa mgando, akaimba. Akafia kwenye kiti, mchana, karibu na moto, na kwa kuwa hapakuwa na njia ya kumshusha walimzika huko, kwenye ukungu, sisi watoto wake tukiwa Endamarariek tunapalilia. Hilo sijalisamehe, ingawa sijui nimnyime nani msamaha. Baba alirudi peke yake njia ilipokauka, akasema, "Kiti nimemwachia shemeji." Paskali alimsukuma Punda nyuma ya banda na hakumwasha tena. Aliendelea kuchomelea, akaoa, akazaa, akazeeka vizuri kwa macho ya watu. Lakini ukitaja Nainokanoka alikuwa anainuka. Mama mdogo alipokuja kumzika Baba, Paskali alimkwepa mpaka akaondoka. Mara moja tu aliniambia, tukiwa tunamenya ngwara kwenye jiko lile lile: "Nilimtengenezea gari la kuishia getini." Nikamwambia asiseme hivyo. Akasema ndivyo ilivyo, na akaendelea kumenya.

Kwa hiyo baada ya Yasinta kunipa zile bolti nilikodi gari nikapanda, nikiwa na wazo la kizee kabisa: nikirudishe kiti, nikifunge mahali pake, Punda awe mzima hata kama ni mzima wa kutagiwa na kuku. Gari lile la kukodi lilipita getini bila mtu kuinua kichwa. Mama mdogo Anjela nilimkuta nyumbani kwake karibu na moto, na alikuwa amekikalia. Magoti yake nayo yamekwisha. Mabomba ni yale yale, nilitambua hata pale mikono ya Paskali ilipotetemeka kwenye kiungo. Ngozi ni nyingine, za ng'ombe wa huko, na mbavu zimepanuliwa. "Mimi mnene," alisema. "Dada alikuwa amebaki kidogo. Karibu mwanangu, nimesikia msiba wenu, nililia sana." Wajukuu walileta chai ya maziwa yenye moshi wa kibuyu. Nikazitoa bolti nikaziweka mkononi mwake, nikamweleza jinsi Paskali alivyozipaka grisi, na kwa nini hakuwahi kufika pale, kwa aibu ya lile geti. Aliniacha nimalize. Kisha akazigeuza geuza mkononi.

"Lakini dada alijua," akasema.

Nikamuuliza alijua nini.

"Geti. Fausta, nani aliyepita lile geti kuliko mama yako? Miaka yote ile na magunia yake. Aliwaona wenye magari wakigombezwa kwa karatasi, kila mwaka. Alijua halitapita tangu siku Paskali anatamka. Aliniambia hapa hapa, amekaa hapa. Akasema, 'Kigumu kilikuwa kutoka nyumbani mpaka getini. Getini malori yapo.' Ndiyo maana akataka nati."

Nilimuuliza kwa nini Mama hakutuambia, mwaka mzima.

"Nilimuuliza hivyo hivyo. Akasema, walikuwa wananitazama kama maiti, Anjela. Baba yao, watoto, wote, wananizunguka wananitazama. Walipoanza kugonga vyuma wakaacha kunitazama." Alifuta macho kwa pindo la shuka. "Ningemwambia Paskali. Mimi sikujua kwamba ameubeba mzigo huo. Nilidhani hanipendi."

Kiti sikukidai. Bolti nazo nilimwachia, akazifunga kwenye lile pindo alilofutia macho. Nilishuka na ukungu, nikapita Karatu bila kusimama nyumbani kwangu, nikafika Endamarariek jua linazama, Yasinta anafungia kuku. Nilimwambia amjulishe yule wa vyuma chakavu asirudi. Kisha nikaenda kaburini kwa Paskali, udongo bado haujakaa, mashada ya karatasi yamelowa, nikasimama upande ule aliokuwa akisikia vizuri kidogo. Nikamwambia, "Kaka, Mama alijua." Nikangoja. Kisha nikainama nikamwambia tena, kwa sauti.